Kudesa hakukuanza chuoni: historia fupi ya picha zinazocheza kwenye tovuti

Nimekuwa kimya mno, mnisamehe. Mazoezi ya kufundisha yalinimeza mzima mzima. Leo nina historia ya kuwapa, na msikimbie, siyo ile ya Majimaji niliyoifundisha kidato cha tatu. Ni historia ya kitu kilichoniaibisha mbele ya darasa zima.

Ilikuwa hivi. Nilitengeneza ukurasa wa picha za somo: picha inafifia, nyingine inaingia, kila baada ya sekunde 5. JavaScript yake nilidesa mahali, nikabandika, ikakubali, nikajiona profesa. Darasani nikafungua kichupo kingine kuwaonyesha ramani, tukakaa huko kama dakika 5. Niliporudi, jamani... picha zikaanza kupita mbio mfululizo, hazisimami, kama mkanda wa video uliochanganyikiwa. Watoto walicheka mpaka mwalimu wa darasa la jirani akachungulia. Kijana mmoja wa mbele akanyoosha mkono: "Mwalimu, kwa nini imefanya hivyo?" Nikamjibu kwamba kompyuta ina matatizo. Uongo mtupu! Ukweli ni kwamba nilikuwa sijui.

Swali lile lilinikosesha usingizi, nikaanza kuchimba. Kumbe jibu lina historia ndefu.

Tuanze 1995. Mwezi Mei mwaka huo, Brendan Eich wa kampuni ya Netscape alitengeneza lugha ya kwanza ya JavaScript kwa siku 10 tu. Ilianza kwa jina la Mocha, ikawa LiveScript, na Desemba ikapewa jina la JavaScript kwa kuwa Java ndiyo iliyokuwa inavuma. Kivinjari cha Netscape Navigator 3 cha 1996 kikaruhusu ukurasa ubadilishe picha pale kipanya kinapopita juu yake. Vitufe vikaanza kuwaka na kuzima, watu wakafurahi sana. Ila tatizo la kwanza likaja hapo hapo: picha ya pili ilikuwa bado haijapakuliwa, na intaneti ilikuwa ya simu, ya polepole. Unapitisha kipanya, unasubiri weee. Dawa ikawa kuiagiza picha mapema kwa new Image(), ikae tayari kabla haijahitajika.

Halafu 1997 ikaja vita. Netscape 4 ilitaka uite vitu vya ukurasa kwa document.layers, Internet Explorer 4 ikataka document.all. Kusogeza kiboksi kimoja tu kulihitaji uandike kila kitu mara mbili! Watu wakawa wanakiuliza kivinjari jina lake kwanza, kisha wanachagua njia. Vivinjari navyo vikajifunza kudanganya ili visinyimwe kurasa. Mpaka leo Chrome, Safari na Firefox zote zinajitambulisha kwa neno moja mwanzoni: Mozilla. Njia sahihi ilikuwa kuuliza uwezo, siyo jina. Yaani unauliza "unaweza hiki?" badala ya "wewe ni nani?". Oktoba 1998 shirika la W3C lilitoa kanuni ya pamoja yenye getElementById, lakini misimbo ya zamani iliendelea kunakiliwa miaka mingi. Netscape 4 ilishazikwa, bado watu wanabandika document.layers. Unaona sasa? Desa la mwaka juzi, mtihani wa mwaka huu.

Tatizo jingine lililowatoa watu jasho ni menyu zinazofunguka. Unaweka kipanya, menyu inashuka, ukitaka kuchagua inatoweka! Sababu yake ni hii: tukio la mouseout linatokea hata ukihama kutoka kwenye kiboksi kikubwa kwenda kwenye kitu kilicho ndani yake. Ni kama mlinzi wa geti anayepiga kelele "katoka!" kila ukitoka sebuleni kwenda jikoni, wakati bado umo nyumbani. Microsoft walikuwa na dawa ndani ya Internet Explorer 5.5, yaani mouseenter na mouseleave, ambazo hazijali unavyozunguka humo ndani. Vivinjari vingine vilikuja kuzikubali baadaye.

Januari 2006, huko New York, John Resig akatambulisha jQuery. Hapo ndipo kila mtu alipopumua, maana tofauti za vivinjari zilifichwa ndani ya faili moja. Kufifisha picha kukawa mstari mmoja. Lakini jQuery ilikuwa na foleni: kila amri ya kuchezesha kitu inapanga mstari nyuma ya iliyotangulia. Pitisha kipanya mara 10 juu ya menyu kisha uondoke, na menyu itafunguka na kufunga mara 10, mkono wako haupo tena. Dawa ni .stop() kabla ya amri mpya. Neno moja tu, ila lazima ujue kwamba foleni ipo.

Sasa tunafika kwenye aibu yangu. Zamani uhuishaji wote ulitegemea saa ya setTimeout au setInterval: sogeza kidogo, subiri, sogeza kidogo. Saa hiyo haijui skrini inachora lini, na inakula betri hata ukurasa usipoonekana. Ndipo ikaja requestAnimationFrame, ambayo kivinjari chenyewe kinakuita kinapokuwa tayari kuchora, kwa skrini nyingi mara 60 kwa sekunde. Ukurasa ukifichwa, haikuiti kabisa. Mei 2011 jQuery 1.6 ikaipokea kwa mikono miwili. Kumbe kurasa tele duniani zilikuwa zinapanga picha kwa setInterval, na yenyewe haisimami ukihama kichupo, inapunguzwa kasi tu. Basi amri zinaendelea kuingia kwenye foleni na hakuna anayezitekeleza. Ukirudi, zote zinatekelezwa mfululizo. Miezi michache baadaye toleo la 1.6.3 likaiondoa, na haikurudi mpaka jQuery 3.0 ya Juni 2016, safari hii kwa uangalifu.

Nikafungua faili nililodesa, nikatazama mstari wa juu kabisa: 1.6! Dakika 5 kwa sekunde 5 ni amri 60 zilizokuwa zinanisubiri nirudi kutoka kwenye ramani.

Ningeweza kubadilisha toleo nikalala. Lakini nilirekebisha na mpangilio wenyewe: picha inayofuata haiagizwi na saa, inaagizwa pale iliyotangulia inapomaliza kufifia. Hata ukae kwenye ramani saa nzima, foleni haizidi picha moja.

Sisemi kudesa ni dhambi, wadau. Wavuti wenyewe umekua kwa watu kufungua kurasa za wenzao na kuangalia zilivyoandikwa, na mimi nimejifunzia hapo hapo. Kinachoniuma ni kwamba nilikuwa najiandaa kuwa mwalimu, na swali zuri kuliko yote ya muhula ule nilikuwa nimeliua kwa uongo wa sentensi moja.

Kipindi kilichofuata nilimwita yule kijana mbele. Nikamwambia darasani, wote wakisikia, kwamba siku ile sikujua, na leo najua. Tukachora foleni ubaoni kwa chaki. Akauliza tena: "Sasa mwalimu, ukihama kichupo picha ikiwa katikati ya kufifia, inabaki nusu?" Tukajaribu pale pale. Siwaambii, jaribuni wenyewe.

Bumu likiingia nitarudi na nyingine. Nawakilisha!