Miaka 29 ya Rebmann

Katika vitabu vyetu vya shule Johannes Rebmann ana siku moja tu: 11 Mei 1848, alipouona Mlima Kilimanjaro na theluji yake, na msomi mmoja wa London, William Desborough Cooley, akakataa katakata kuamini kwamba theluji inaweza kukaa karibu na ikweta. Baada ya hapo anatoweka. Mimi huvutiwa na miaka iliyofuata, ile isiyoulizwa kwenye mtihani. Nimelelewa katika nyumba ya mchungaji. Najua mtu anavyoweza kuhubiri asubuhi kwa sauti ya radi, na mchana akakaa kitandani na viatu miguuni kwa kukosa nguvu ya kuvivua.

Rebmann alifika Mombasa Juni 1846, kijana wa miaka 26. Aliyempokea ni Johann Ludwig Krapf, Mjerumani mwenzake, naye ametumwa na shirika lile lile la CMS la London. Krapf alikuwa amewazika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga mwaka 1844, miezi michache tu baada ya kufika. Alipowaandikia wakubwa wake hakuomba kurudi. Aliwaambia kwamba kaburi lile ni ishara: sasa wameitwa kuigeuza Afrika kutokea upande wa mashariki.

Naelewa kwa nini barua hiyo iliwagusa watu. Lakini naona pia iliweka kipimo kibaya. Mmisionari aliruhusiwa kufa. Kuchoka hakukuwa na nafasi yake.

Wawili hao walianzisha kituo Rabai, kwenye vilima nyuma ya Mombasa. Krapf aliota mlolongo wa vituo kukata bara zima. Mwaka 1849 Rebmann alirudi Uchagani kwa mara ya tatu, akitaka kupitia huko hadi Unyamwezi. Mangi Mamkinga wa Machame alimnyang'anya vitu vyake kidogo kidogo, hadi Rebmann akalia machozi mbele yake. Safari ikaishia hapo.

Krapf aliondoka mwaka 1853, afya imemshinda. Rebmann akabaki. Mtoto wake alikufa, na mwaka 1866 akafa mkewe, Emma. Mringe, mtu wa kwanza kubatizwa pale, alibatizwa akiwa mahututi. Waliofuata walikuwa wachache mno, na London ilitaka habari za mavuno.

Alifanya nini basi? Aliandika kamusi. Mmojawapo wa walimu wake alikuwa Salimini, mtu aliyetekwa upande wa Ziwa Nyasa akauzwa pwani. Miaka nenda rudi Rebmann alikusanya maneno ya nchi asiyoikanyaga kamwe. Wapo walioona kwamba amekwama, na sidhani walikosea kabisa. Shirika la Afya Duniani linapoeleza uchovu wa kazi linataja mambo matatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi, na kuona kwamba unachofanya hakizai kitu. Sina haki ya kumpima marehemu, lakini kamusi naielewa. Neno ukilipata leo, kesho bado lipo. Halirudi nyuma, halihami kanisa, wala halihitaji umpelekee mtu ripoti ya roho ngapi zimeokolewa.

Mwaka 1873 Sir Bartle Frere, aliyetumwa Zanzibar kwa ajili ya mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa, alipanda hadi Rabai. Alimkuta Rebmann karibu kipofu, bado na kamusi zake, wala hana mpango wa kuondoka. Tangu aje Afrika hakuwa amerudi nyumbani hata mara moja. Ndugu zetu wa leo wanaokataa likizo kwa sababu "kondoo wataachwa na nani" wangemwelewa mara moja.

Aliondoka mwaka 1875. Aliyesafiri naye hadi Ulaya ni Isaac Nyondo, kijana wa hapo hapo, ambaye baba yake alikuwa mmoja wa wale waumini wachache. Rebmann alifika Korntal, mji aliokuwa akiishi Krapf, akaoa tena, na tarehe 4 Oktoba 1876 akafa, akiwa na miaka 56. Kamusi aliyoitunga na Salimini ilichapishwa mwaka uliofuata. Aliyeiandaa kwa uchapishaji ni Krapf.