Barabara Tupu Iliyojaa Watu

Tutafakari picha moja. Mwaka 1838, Mfaransa Louis Daguerre alielekeza kamera yake nje ya dirisha, akapiga picha ya barabara ya Boulevard du Temple jijini Paris. Barabara hiyo ilikuwa na pilikapilika za watu na magari ya farasi. Pichani, hata hivyo, ni tupu, kana kwamba wakazi wamehama. Aonekanaye wazi ni mtu mmoja pembeni, aliyeinua mguu akisafishiwa viatu.

Wengine walikwenda wapi? Walikuwapo. Bamba la Daguerre lilihitaji dakika kadhaa za mwanga ili kuhifadhi sura. Aliyepita hakukaa mahali pamoja muda wa kutosha kuacha alama, aliyetulia alibaki. Mmarekani Samuel Morse, aliyeiona picha hiyo mwaka 1839, aliustaajabia utupu huo. Msafisha viatu naye yumo, lakini sura yake ina ukungu kuliko ya mteja wake, kwa sababu mikono yake ilikuwa kazini.

Baadaye kamera zilipata kasi, na ukungu wa mwendo ukahesabiwa kuwa kosa. Hata hivyo, wapo waliourudia kwa makusudi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Muungano wa Kisovieti ulipovunjika na maisha kuwa magumu, Alexey Titarenko alipiga picha kituo cha treni za chini ya ardhi cha Vasileostrovskaya jijini St. Petersburg. Aliiacha lenzi wazi kwa muda mrefu, kamera ikiwa imetulia. Umati uliosongamana kwenye ngazi ukageuka kuwa kama moshi. Kilichosalia ni mikono iliyoshikilia chuma cha ngazi. Mkusanyiko huo aliuita Jiji la Vivuli. Kwa Daguerre ukungu ulitokana na udhaifu wa chombo. Kwa Titarenko ulikuwa ushahidi wa hali ya raia.

Kwa hiyo, unapotazama picha kongwe ya mji, uwe wetu au wa jirani, usiharakishe kuandika kwamba mtaa haukuwa na watu. Kutoonekana si kutokuwapo. Tafuta kwanza ule ukungu mwepesi juu ya barabara, kisha ujiulize: ni nani aliyepata nafasi ya kusimama tuli, na ni nani aliyekuwa mbioni kutafuta riziki?