Ndege Zinapolala: Kutoka Bahrain Hadi Seeb

Mji wa Bahla, maarufu kwa ngome yake ya udongo iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1987, hauna uwanja wa ndege wa abiria. Anayetaka kuruka hushika barabara ya Nizwa, kiasi cha kilomita 200, hadi Muscat. Hata hivyo historia ya ndege ndogo za Oman inawagusa wazungumzaji wa Kiswahili wa huko, waliorejea kutoka Afrika Mashariki hasa baada ya mwaka 1970. Pande zote mbili za bahari suala lilikuwa moja: ndege zinalala wapi?

Kituo cha rubani ni pale anapoanzia na kumalizia kazi. Hapo ndipo zilipo pia karakana, mafundi na vipuri. Nchi isiyo na kituo husubiri ndege ya mwenzake.

Oman ilisubiri muda mrefu. Shirika la Gulf Aviation lilianzishwa Bahrain mwaka 1950 na rubani Mwingereza, Freddie Bosworth, aliyefariki katika ajali mwaka uliofuata. Ndege zake za DC-3, na baadaye Fokker F27, zilitua Bait al Falaj, uwanja uliobanwa na milima ya Ruwi, ambako rubani hakuwa na nafasi ya kubahatisha. Uwanja wa Seeb ulifunguliwa mwaka 1973. Mwaka 1974 Oman ikawa mshirika katika Gulf Air pamoja na Bahrain, Qatar na Abu Dhabi. Makao makuu, lakini, yakabaki Bahrain.

Hatari ya mpango kama huo ilikwisha kuonekana Nairobi. Shirika la East African Airways, lililoanza mwaka 1946 na kutumia F27 tangu 1962, lilikuwa mali ya nchi zote za Afrika Mashariki, ila karakana zake kubwa zilikuwa Embakasi. Liliposambaratika mapema mwaka 1977, Kenya Airways ilianza kuruka Februari hiyo hiyo. Tanzania iliunda shirika lake mwezi Machi, mpaka wake na Kenya ukiwa umefungwa, na marubani na mafundi wake waliokuwa Nairobi wakajikuta ugenini.

Mwaka huo huo kampuni ya Oman ilichukua kitengo cha ndege ndogo cha Gulf Air. Mwaka 1981 ikawa Oman Aviation Services, ikanunua ndege 13, na F27 za safari za Salalah zikawa na kwao Seeb. Wengi husherehekea mwaka 1993, Boeing 737 ya kwanza ya Oman Air iliporuka. Kwa maoni yangu, mwaka 1981 ndio ulioamua mambo: jeti ilikuta karakana na watu tayari.

Mabadiliko ya ndege nayo yana gharama yake. Leseni ya rubani hufuata aina ya ndege. Wa F27 hawezi kukalia kiti cha ATR 42 bila mafunzo mapya. ATR hizo za pangaboi zilihudumia safari fupi, hadi jeti za Embraer 175 zilipoanza kuwasili mwaka 2011. Oman ilikuwa imekwisha kujitoa Gulf Air mwaka 2007, na ATR nazo zikaondoka.