UZI: Wakimbizi ni mzigo? Tuulize Faridabad, halafu tuulize Kakuma

1/ Siasa zikipamba moto, swali hili halikosi hapa Kakamega, iwe stejini au kwa kinyozi: "Hawa wakimbizi wanatusaidia nini?" Mimi nasoma sayansi ya siasa. Leo tujibu kwa historia, si kwa hasira.

2/ Tuanzie mbali kidogo. 1947 India inagawanywa, Pakistan inazaliwa, mamilioni wanahama. Kuanzia 1949, maelfu ya waliokimbia mpaka wa kaskazini-magharibi wakapewa makao Faridabad, kusini mwa Delhi.

3/ Hawakukaa tu kungoja mgao. Walilipwa kujenga mji wao wenyewe: nyumba, barabara, shule. Viwanda vikafuata. Leo Faridabad ni mji mkubwa wa viwanda, unatengeneza hadi matrekta.

4/ Sasa turudi nyumbani. Hii barabara ya A1 inayopita hapa kwetu, ukiifuata Webuye, Kitale, Lodwar, inakufikisha Kakuma. Kambi ilianza 1992, ikipokea vijana waliotembea kwa miguu wakikimbia vita Sudan. Baadaye wakaja Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi.

5/ Utafiti wa IFC, tawi la Benki ya Dunia, ulitoka 2018. Ulipata biashara zaidi ya 2,000 kambini, na uchumi wa Kakuma (kambi pamoja na mji) ukakadiriwa kuwa Sh6 bilioni kwa mwaka. Mzigo gani huo unaofungua maduka?

6/ Basi mbona Kakuma haijawa Faridabad? Utasema ni ukame. Ni kweli, lakini kuna karatasi pia. Wale wa Faridabad walikuwa raia: wangeweza kwenda popote, kuajiriwa popote. Mkimbizi wa Kakuma akitaka tu kufika Kitale kutafuta bidhaa, lazima awe na kibali. Aliyezaliwa kambini 1993 sasa ana watoto wake, na bado anaomba ruhusa ya kutoka.

7/ Na tusiwasahau Waturkana. Wao ndio wenyeji, ukame ni wao pia, na kwa miaka waliona malori ya chakula yakiwapita. Kuni, maji na ardhi vimeleta ugomvi wa kweli. Ndiyo maana Kalobeyei, iliyoanza 2016, ilipangwa ili wenyeji na wakimbizi watumie huduma pamoja.

8/ Sheria ya Wakimbizi ya 2021 ilifungua mlango kidogo. 2025 ukazinduliwa Mpango wa Shirika, wa kugeuza kambi ziwe makazi ya pamoja. Lakini mwaka huohuo msaada wa chakula ukapunguzwa. Ukimpunguzia mtu mgao na geti bado umelifunga, ale nini?

9/ Kwa hivyo mwanasiasa yeyote akija na hii stori, wa mrengo wowote, muulize mawili: wataruhusiwa lini kusafiri na kufanya kazi? Na Mturkana atapata nini mkononi, si kwenye hotuba?

Mwisho wa uzi. Kupinga ruksa, matusi hapana.