Baraza: Adabu ya Kusema na Haki ya Kusikilizwa

Neno baraza kwetu lina maana zaidi ya moja. Ni kile kikalio cha mawe mbele ya nyumba, ni watu wanaokaa pale kuzungumza, na ni kikao cha mtawala na raia zake. Maana hizi zinakaribiana kwa sababu wazee wetu wa Unguja waliutazama utawala kama walivyoutazama ujirani: mkubwa hukaa mahali anapoonekana, na mwenye haja humwendea.

Waomani walikuja na mazoea hayo kutoka kwao, ambako kila mji una sabla yake. Katika madhehebu ya Ibadhi Imamu huchaguliwa, na akipotoka huweza kuondolewa. Kuanzia mwisho wa karne ya 18 watawala wa Al Busaidi waliacha cheo cha Imamu wakaitwa Seyyid, na utawala ukawa wa kurithiana, lakini desturi ya kukaa na watu haikuachwa. Seyyid Said bin Sultan alipohamia Unguja alihamia nayo, na binti yake, Bibi Salme, ameieleza baraza ya baba yake katika kitabu alichokichapisha kwa Kijerumani mwaka 1886. Wenyeji wa pwani nao hawakuwa wageni wa jambo hili, kwani miji yao ilikuwa na vikao vya wazee tangu zamani.

Baraza ilifundisha namna ya kusema. Kwanza salamu, tena ndefu, na habari za watu wa nyumbani. Kisha kahawa. Haja huja mwisho. Mkubwa haambiwi "umekosea" mbele ya watu. Huambiwa kwamba huenda hakuarifiwa vizuri, akapewa njia ya kurudi nyuma bila ya kuvunjika uso. Kwa hiyo fumbo na methali havikuwa mapambo ya maneno tu. Vilimwezesha mnyonge kulifikisha lake, na mkubwa kulipokea.

Lakini tusiisifu baraza kupita kiasi. Wanawake hawakukaa pale. Watumwa walihudumu, hawakushauriwa. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na utumwa haukuondolewa katika sheria ya Unguja mpaka 1897. Mtumwa aliponyamaza mbele ya bwana wake, ile haikuwa adabu, ilikuwa khofu. Wazee wanasema "heshima si utumwa", na methali hiyo isingehitajika lau kama watu hawakuwa wakivichanganya viwili hivyo.

Unguja ilipowekwa chini ya himaya ya Waingereza mwaka 1890, mambo yalianza kubadilika. Mwaka uliofuata Lloyd Mathews akafanywa Waziri wa Kwanza, na kazi za serikali zikahamia maofisini. Shauri likawa barua na faili. Baraza la Kutunga Sheria lilipoanzishwa mwaka 1926 wajumbe wake waliteuliwa. Raia walisubiri hadi 1957 kupiga kura. Jina la baraza lilibaki, lakini mwenye haja hakumwona tena mwenye kukata shauri. Hata hivyo, bado alitakiwa awe na adabu ile ile.

Baada ya 1970, Sultan Qaboos alipowaita Waomani waliokuwa nje, wengi waliorudi kutoka Afrika Mashariki waliikuta sabla ingali hai. Sultani mwenyewe alikuwa akizunguka mikoani na kusikiliza watu, na mwaka 1991 ikaundwa Majlis al-Shura.

Leo familia zetu zimetawanyika Maskati, Dubai na London. Kijana aliyesoma Uingereza humwandikia mkuu wake wa kazi akaanza na shida yake moja kwa moja. Babu yake huona huo ni utovu wa adabu. Kijana naye huziona salamu za babu kuwa ni kupoteza wakati, na kimya chake kuwa ni woga. Kila mmoja ameshika upande mmoja wa urithi. Baraza ilimtaka raia aseme kwa staha, na ilimtaka mkubwa akae asikilize. Tukiwarithisha watoto sharti la kwanza peke yake, tutakuwa tumewafundisha kunyamaza tu. Basi tuwafundishe yote mawili, na tuanzie majumbani mwetu, ambamo wakubwa ni sisi.