Umri wa Nyayo za Engare Sero: Majivu kama Ushahidi wa Kihistoria

Nyayo za Laetoli, zilizofukuliwa na kikosi cha Mary Leakey kuanzia mwaka 1978, hazina utata mkubwa wa umri. Makadirio ya awali, kati ya miaka milioni 3.6 na 3.8, yamesahihishwa hadi kufikia takribani milioni 3.66, ubishi wa huko umehusu zaidi nani aliyekanyaga. Engare Sero, kusini mwa Ziwa Natron, hali ni kinyume. Aliyekanyaga ni binadamu wa sasa, bila shaka. Linaloulizwa ni lini.

Taarifa za kwanza zilizipa nyayo hizo, zaidi ya 400, umri wa takribani miaka 120,000. Mwaka 2016 Cynthia Liutkus-Pierce na wenzake walichapisha makadirio yaliyo mbali mno na hayo: kati ya miaka 19,100 na 5,760 iliyopita. Ili kuielewa tofauti hiyo, yafaa kukumbuka kipimo cha arigoni hupima nini. Hupima wakati fuwele ilipopoa baada ya kutoka volkanoni, si wakati mguu ulipozama topeni. Majivu ya Engare Sero yalitoka Oldoinyo Lengai, kisha yakasombwa na maji hadi kando ya ziwa. Na maji yasombapo hayachagui. Punje kongwe husafiri pamoja na changa. Kwa hiyo nyayo haziwezi kuwa na umri mkubwa kuliko punje changa kabisa iliyomo katika tabaka lake, lakini zaweza kuwa na umri mdogo zaidi, hata kwa maelfu ya miaka.

Pengo lililobaki, la zaidi ya miaka 13,000, si dogo kwa mwanahistoria. Upande mmoja ni enzi ya barafu; upande wa pili unakaribia kuingia kwa ufugaji Afrika Mashariki. Mwaka 2020 Kevin Hatala na wenzake walizichambua nyayo za watu 17 waliokuwa wakielekea upande mmoja, 14 kati yao wakikadiriwa kuwa wanawake wazima, wakapendekeza kuwa ni kundi lililotafuta chakula kwa pamoja, kama wafanyavyo Wahadza. Mlinganisho huo unavutia. Hata hivyo, nguvu yake inategemea umri: kwa miaka 6,000 unakubalika kwa urahisi, kwa miaka 19,000 unahitaji ushahidi wa ziada, kwa 120,000 usingeweza kutetewa kwa nyayo peke yake.