Kabla ya Katniss kulikuwa na Asha

Wadau wa muvi Mtoni wanamjua Katniss wa The Hunger Games, yule binti wa upinde: riwaya ilitoka 2008, muvi 2012. Ila Asha alimtangulia kwenye skrini, na wengi hata jina hawalijui.

Asha ni stelingi wa Pumzi, muvi fupi ya 2009 aliyoiandika na kuiongoza Mkenya Wanuri Kahiu. Miaka 35 baada ya vita vya maji, watu wamefungiwa ndani, jasho na mkojo vinasafishwa vinywewe tena. Wakubwa wanasema nje kumekufa. Asha anapata udongo wenye unyevu, anapanda mbegu, inachipua. Anaomba kibali cha kutoka, ananyimwa. Anatoroka.

Hana upinde wala jeshi. Ana kichupa cha maji jangwani, na anaumwagia mche badala ya kunywa. Aliyewahi kupanga foleni ya madumu alfajiri anaelewa hapo bila kuelezwa.

Halafu kuna ile sheria ya vibanda umiza: stelingi hafi. Kahiu hakuifuata kabisa. Asha anaukinga mche na jua kwa mwili wake, analala palepale, na mti unaota alipolala.